Kura ya Oakland na bomu la nyuklia

Juma hili nawarudisha nyuma hadi Novemba 1988, katika jiji la Oakland, jimbo la California, Marekani. Siku ile ile Wamarekani walipokuwa wakimchagua George Bush mkubwa kuwa rais, wapiga kura wa Oakland walikuwa na swali jingine la kwao wenyewe: je, jiji lao liwe eneo lisilo na nyuklia? Zaidi ya nusu wakajibu ndiyo.

Halikuwa jambo jipya. Berkeley, mji unaopakana na Oakland, ulikwisha kupiga kura ya namna hiyo mwaka 1986, na miji mingine ilijitangaza hivyo ikaishia kusimika vibao mipakani. Lakini sheria ya Oakland ilikuwa na meno. Ilipiga marufuku kazi za silaha za nyuklia ndani ya jiji, ikabana usafirishaji wa mali za nyuklia, na ikakataza fedha za jiji zisiwekezwe wala zabuni zake zisitolewe kwa kampuni zinazotengeneza silaha hizo.

Hapo ndipo Washington ilipozinduka. Oakland wakati huo ilikuwa na bandari kubwa, kambi ya jeshi la nchi kavu na bohari ya jeshi la majini. Ng'ambo kidogo tu, Alameda, palikuwa na kituo cha ndege za jeshi la majini. Ofisi ya Wizara ya Nishati iliyosimamia maabara ya Livermore, ambamo mabomu ya nyuklia hubuniwa, ilikuwa katika jiji la Oakland lenyewe. Sheria hii basi ilikuwa inamwambia serikali kuu: kazi yako hii, katafute pa kuifanyia.

Wako waliowacheka watu wa Oakland kwa kujiingiza katika mambo ya wakubwa. Mimi siwacheki. Katika ghuba ile ile, tarehe 17 Julai 1944, meli zilizokuwa zikipakia silaha za kawaida zililipuka huko Port Chicago, wakafa watu 320, na walio wengi walikuwa mabaharia weusi waliopewa kazi ya upakuzi na upakiaji. Anayekaa kando ya njia ya silaha ana haki ya kuuliza kinachopita mlangoni pake.

Septemba 1989 serikali ya shirikisho ikalishitaki jiji. Hoja yake kubwa ilitoka katika Ibara ya 6 ya Katiba ya Marekani, inayosema kwamba sheria za shirikisho ziko juu ya sheria za majimbo, na bila shaka juu ya za miji. Vita na ulinzi ni kazi ya taifa. Nishati ya atomiki ina sheria yake iliyotungwa na Bunge la Marekani. Iwapo Oakland itafunga mlango leo, na kesho San Francisco, na keshokutwa kila mji wenye bandari, jeshi litapita wapi? Hoja hiyo ni nzito, na hapana budi tukiri hivyo.

Majuma machache baadaye, tarehe 17 Oktoba, ardhi ikatetemeka. Barabara ya ghorofa iitwayo Cypress, iliyopita Oakland Magharibi, iliporomoka na kuua watu 42. Waliochimbua kifusi mwanzoni walikuwa wakazi wa jirani na wazima moto wa jiji. Jeshi halikuwahi kufika kabla yao.

Mahakama, hata hivyo, huangalia madaraka. Agosti 1990 Jaji John Vukasin, aliyeteuliwa na Rais Reagan, aliamua kwamba sheria ile inakiuka Katiba. Kura ya wananchi ikaanguka.

Kwa maoni yangu, kuhusu kuzuia kazi za jeshi, jaji hakuwa na njia nyingine. Suala la fedha ndilo linalonikera. Jiji linaponunua karatasi au kuweka akiba, ni mteja sokoni kama mteja mwingine. Mwaka 1989 Mahakama ya Rufaa ya Maryland iliunga mkono jiji la Baltimore lililoondoa fedha za pensheni za watumishi wake katika kampuni zilizofanya biashara na Afrika ya Kusini ya makaburu. Sisi wa Afrika tulifaidika na uamuzi wa aina hiyo. Lakini mlango huo nao ulibanwa: mwaka 2000 Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta sheria ya jimbo la Massachusetts iliyowabagua katika zabuni wafanya biashara na Burma.

Oakland haikukata tamaa. Juni 1992 baraza la jiji lilipitisha sheria mpya iliyogusa fedha na mikataba ya jiji. Mwenye kuomba zabuni alitakiwa kujaza fomu kueleza kama anahusika na silaha za nyuklia. Na kwa kuwa serikali kuu ndiyo mtengenezaji mkuu wa silaha hizo, jiji likazuiwa pia kununua dhamana za Hazina ya Marekani.

Nani asiyejua kwamba dhamana za hazina ndizo kimbilio la kila mtunza fedha mwoga? Basi wahasibu wa jiji wamelazimika kurudi mbele ya baraza kuomba ruhusa ya muda kwa maelezo kwamba hakuna mbadala unaofaa, na baraza limekuwa likiwapa.