Neno «Kipatanisho»

Waraka wa Kwanza wa Yohana, katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, wamwita Kristo kipatanisho, neno lililoanzia pata, likapita patana, ambako wawili sharti waelekeane, likafika patanisha, ambako yupo wa tatu awaletaye pamoja. Juu ya mauti yake Wakristo wa Uholanzi walikhitilafiana vikali: wafuasi wa Arminius, katika ibara zao tano za mwaka 1610, walishikilia kwamba alikufa kwa ajili ya watu wote, ingawa waaminio tu ndio wapatao maghofira, na Sinodi ya Dordrecht, iliyokaa mwaka 1618 hadi 1619, ikakiri kwamba thamani ya mauti hayo yatosha dhambi za ulimwengu mzima, ila ikahukumu kwamba Mungu aliyakusudia yawaokoe wateule wake peke yao. Mimi naona kwamba neno letu, kwa kuwa hapana kupatana pasipo pande mbili, laelekea kwa wale wa kwanza, walioamini kwamba mwanadamu aweza kuikataa neema. Lakini idadi ya waliopatanishwa halikuitaja. Basi, msomaji, ulisikiapo mimbarini, tafadhali usilichanganye na kafara, ambalo asili yake ya Kiarabu ni kufunika.