Wow! Herufi zilizotoka angani

Nilipokuwa chuoni nilidhani 6EQUJ5 ni ujumbe uliotumwa na viumbe wa sayari nyingine. Wengi bado wanadhani hivyo. La, jamaa. Ni programu tu ilikuwa ikichapisha vipimo vyake.

Mwaka 1959 Giuseppe Cocconi na Philip Morrison walipendekeza kwamba kama kuna viumbe wenye akili huko mbali, tuwasikilize kwenye masafa ya 1420 MHz. Hayo ndiyo masafa ya haidrojeni, na haidrojeni imejaa kila pembe ya anga. Darubini ya redio ya Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, iliyoitwa Big Ear, ilianza msako huo mwaka 1973.

Kompyuta yao ilikuwa IBM 1130, diski yake megabaiti 1. Picha moja ya simu yako haingii humo! Basi waandishi wa programu wakabana matumizi: kila baada ya sekunde 12, nguvu ya mawimbi katika kila chaneli kati ya 50 ilichapishwa kwa alama moja tu. Kuanzia 1 hadi 9 ni namba yenyewe, 10 ni A, 11 ni B, hivyo hivyo hadi Z. Kwa hiyo ile U ni 30, yaani mara 30 hivi ya kiwango cha kelele za kawaida.

Hiyo ilikuwa 15 Agosti 1977. Nguvu ilipanda kisha ikashuka, alama sita, sekunde 72, muda ule ule ambao nyota huchukua kupita mbele ya darubini hiyo dunia ikizunguka. Siku chache baadaye Jerry Ehman alikuwa akipitia makaratasi. Akazizungushia kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Wow!"

Kinachoniuma mimi kama mwandishi wa programu ni hiki. Big Ear ilikuwa na vipokezi viwili, kimoja kikipita mahali pale pale dakika 3 hivi baada ya mwenzake. Mawimbi yalinaswa na kimoja tu. Kipi? Kompyuta ilikokotoa tofauti ya vipokezi hivyo, na karatasi haionyeshi ilitoka upande upi. Ndiyo maana hadi leo kuna sehemu mbili za anga zinazoshukiwa, zote kundi la Sagittarius. Zimesikilizwa tena na tena, kimya.

Big Ear yenyewe ilibomolewa mwaka 1998. Pale ilipokuwa sasa watu wanacheza gofu.