Hela

Kiembe Samaki, kama kwingineko Unguja, utasikia zaidi “pesa”, neno lililotoka Bara Hindi na kukaa kwenye sarafu ya shaba ya Sultani Barghash yenye picha ya mizani, ya mwaka 1299 wa Hijria. “Hela” imetoka Tanzania bara: ni Heller, senti ya Wajerumani waliotawala huko. Tangu 1904, hela 100 zilifanya rupia moja.

Hela inayonivutia kuliko zote ni ya 20, ya mwaka 1916. Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza; Waingereza walikuwa wameziba bahari, sarafu haziji, basi Wajerumani wakazipiga wenyewe Tabora, katika karakana ya reli, kwa shaba na shaba nyeupe iliyopatikana. Ndiyo maana ina herufi T. Mihuri ya chuma ilichongwa zaidi ya mara moja, na kila muhuri uliacha alama yake. Tazama taji: kubwa au dogo? Kisha tazama L mbili za HELLER: ncha zake zimechongoka au zimejipinda? Tofauti hizo hujirudia kwenye kila sarafu ya muhuri huo, nazo huitwa aina. Kosa ni jambo jingine: sarafu moja ilikaa upande, chapa ikatoka nje ya katikati. Mkwaruzo wa mfukoni si aina wala si kosa.

Ukiikuta kwenye kasha la bibi, tafadhali usiisugue kwa ndimu wala mchanga. Utafuta ncha zile zile zinazoitambulisha.