Iten, mji unaowapandia mabingwa miti

Agosti 22, 2010, mjini Berlin, David Rudisha alizunguka uwanja mara mbili kwa dakika 1 na sekunde 41.09. Rekodi ya dunia ya mita 800 aliyoivunja ilikuwa imedumu kwa takriban miaka 13. Mwenyewe alikuwa Wilson Kipketer, aliyetimka kwa 1:41.11 mjini Cologne mwaka 1997, akiwa na jezi ya Denmark. Dunia iliona Mkenya akimpokonya rekodi mwanariadha wa Ulaya. Iten walijua zaidi: wote wawili ni wanafunzi wa Bruda Colm O'Connell, na rekodi haikuwa imetoka mikononi mwa mwalimu huyo.

Iten ni mji wa kaunti ya Elgeyo Marakwet, takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, pale nyanda za juu zinapokatika ghafla na kuteremka hadi Bonde la Kerio. Lango lililojengwa juu ya barabara humtangazia mgeni kwamba ameingia nyumbani kwa mabingwa. Majina ya baadhi ya mabingwa hao yamehifadhiwa katika Shule ya Upili ya St Patrick's. Humo wahitimu waliofika kilele cha riadha wamepandiwa miti, na miti hiyo ina vibao vya majina yao. Iten haina ukumbi wala tiketi ya kuingilia. Mvulana wa kidato cha kwanza huyasoma majina hayo akielekea darasani, na anajua kwamba wenyewe walikalia madawati ya shule hii hii.

Shule hiyo ilianzishwa mwaka 1961 na mabruda Wakatoliki wa Shirika la Mtakatifu Patrick. Mbio zilikuwa na mizizi pale hata kabla ya O'Connell kufika, kwani Mike Boit, aliyetwaa shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alipitia hapo. O'Connell alitoka Ireland mwaka 1976 kuja kufundisha jiografia, na hakuwa amesomea ukocha. Aliyemwingiza uwanjani ni mwalimu Mwingereza Peter Foster, nduguye mwanariadha Brendan Foster. Foster alipoondoka baada ya muda mfupi, timu ikabaki mikononi mwa mwalimu wa jiografia. Alijifunza kwa kuwatazama vijana wenyewe: jinsi wanavyokanyaga, wanavyobeba mabega na wanavyopumua kilimani. Hadi leo anafahamika kwa kusisitiza mkao wa mwili na subira kuliko wingi wa kilomita.

Subira hiyo ilihitajika. Kenya ilisusia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 na ile ya Moscow mwaka 1980, kwa hiyo kizazi kizima kikakosa jukwaa kubwa zaidi. Matunda yalianza kuonekana barabarani. Mwaka 1987 Ibrahim Hussein, mhitimu wa St Patrick's, akawa Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York. Mwaka uliofuata akashinda ya Boston, pia wa kwanza kutoka Afrika, akimpiku Mtanzania Juma Ikangaa kwa sekunde moja tu: 2:08:43 dhidi ya 2:08:44. Miezi michache baadaye, huko Seoul, Peter Rono mwenye umri wa miaka 21 akawaacha Waingereza Peter Elliott na Steve Cram na kutwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500. Mwaka 1992 Matthew Birir akaongeza dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Barcelona. Kipketer naye akawa bingwa wa dunia wa mita 800 mara tatu mfululizo: 1995, 1997 na 1999.

Hata hivyo, shule ya wavulana haiwezi kuisimulia historia ya Iten peke yake. Mwaka 1989 O'Connell alianza kuendesha kambi za chipukizi wakati wa likizo, na wasichana wakapata nafasi. Lydia Cheromei, aliyekuwa na umri wa miaka 13, alishinda mbio za nyika za dunia za chipukizi mwaka 1991. Shule jirani ya wasichana ya Sing'ore ikamlea Vivian Cheruiyot, bingwa wa Olimpiki wa mita 5,000 huko Rio mwaka 2016. Lornah Kiplagat alijenga kituo cha mazoezi mjini Iten akiwafikiria hasa wanariadha wanawake, aliojua kwamba kazi za nyumbani huwanyima muda wa mazoezi na wa kupumzika. Hawa wanastahili kumbukumbu ya hadhi ile ile, mahali ambapo msichana ataiona kila siku.

Rudisha mwenyewe anaonyesha kwa nini mwalimu asisahaulike. Alizaliwa Kilgoris, mwana wa Daniel Rudisha aliyeshinda fedha ya mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne mwaka 1968 huko Mexico. Alipofika Iten akiwa kijana, alivutiwa na mita 400 kama babake. O'Connell akaona mita 800 ndizo zitakazomfaa. Miaka michache baadaye, Agosti 9, 2012, mwanafunzi huyo aliongoza mbio tangu mwanzo hadi mwisho mjini London na kutwaa dhahabu kwa 1:40.91, rekodi nyingine ya dunia. Bila jicho la mwalimu, huenda dunia isingeyaona hayo.

Heshima ya aina hii inadai uangalifu pia. Kashfa za dawa za kusisimua misuli zimelitia doa jina la riadha ya Kenya, na kijiji kinachomtukuza mshindi bila kuuliza alivyoshinda huwadhulumu walioshinda kwa jasho lao. Ndiyo maana kumbukumbu zinazoanzia shuleni zina uzito: zinaonyesha miaka mingi ya kazi iliyotangulia ushindi.

Serikali ya kaunti, Riadha Kenya na shule zenyewe ziandike sasa kumbukumbu kamili, wakati wengi wa wahusika wangali hai kusimulia. Iwe na jina la mkimbiaji, muda wake na mwaka, na kando yake jina la mwalimu aliyemwona kwanza, awe maarufu au mwalimu wa shule ya msingi asiyejulikana nje ya kijiji chake. Iwaingize wanawake wote waliostahili, na nakala yake ipelekwe katika kila shule ya kaunti hiyo. Mtoto wa Keiyo au Marakwet akijua nani alimfundisha bingwa, na kwa njia gani, atajua pia pa kuanzia.