Tusiwacheke wa mwaka wa kwanza

Juma lililopita mpwa wangu, aliyeanza chuo kikuu mwaka huu, alinijia nyumbani na daftari lake la uchumi. Akanieleza kwa Kiswahili jinsi bei zinavyopanda pale fedha zinapozidi bidhaa, nami nikamwelewa sawasawa. Kisha akanionyesha insha yake ya Kiingereza juu ya jambo hilohilo. Ilikuwa mistari minne, na mitatu ameinakili kitabuni.

"Mjomba," akasema, "kichwani ninayo, mkononi haitoki."

Wapo watakaomcheka. Mimi sikucheka. Niliposomea stashahada ya uandishi wa habari, nami nilikariri maelezo ya Kiingereza nisiyoyaelewa, nikayaandika kwenye mtihani, nikafaulu.

Ndugu msomaji, tatizo hili lina historia. Mwaka 1967 serikali iliamua Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Ulikuwa uamuzi mwema. Lakini sekondari na chuo kikuu vikabaki na Kiingereza, na kijana akatakiwa kuvuka mto bila daraja.

Mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha kitengo cha stadi za mawasiliano. Njia hii ya kufundisha haianzi kwa kukaririsha sarufi. Mwanafunzi hufundishwa kusikiliza mhadhara na kuandika muhtasari, kusoma kitabu akitafuta hoja, na kupanga insha yake. Lugha hujifunzwa ndani ya kazi. Ni njia nzuri, ila humfaa zaidi yule ambaye lugha yenyewe anayo kiasi.

Je, walikuwa nayo? Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wetu. Katika wale wa chuo kikuu waliopimwa, wasiofika asilimia 20 ndio walioweza kusoma kwa urahisi hata vitabu vyepesi vya masomo yao. Pamoja na hayo, ushauri wao ulikuwa Kiingereza kibaki na kiimarishwe. Mwaka 1987 ukaanza mradi wa fedha za Uingereza, vitabu vya kusoma vikapelekwa sekondari.

Kabla yao, mwaka 1982, Tume ya Makweta ilikuwa imependekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985, kisha kipande hadi chuo kikuu. Mwaka 1983 serikali ikasema hapana.

Basi mzigo wote ukaachiwa mwalimu wa stadi za mawasiliano. Yeye anatakiwa atengeneze, kwa kozi moja na darasa lililofurika, kile ambacho miaka ya sekondari haikukijenga. Samaki mkunje angali mbichi, nasi tunamkunja akiwa mkavu, kisha tunamlaumu mkunjaji.

Wanaosema elimu ya juu haiwezekani kwa Kiswahili waitazame Idara ya Kiswahili palepale Mlimani, iliyoanza mwaka 1970 na ikawa inafundisha kwa Kiswahili. Sisemi Kiingereza kitupwe. Nasema kifundishwe vizuri kama somo, mapema, na walimu wanaokijua. Lakini mtoto asinyimwe uchumi, sheria au udaktari kwa sababu ya lugha.

Mpwa wangu nilimwambia aandike kwanza kwa Kiswahili, apange hoja zake, ndipo avuke. Jana alinirudia na kurasa mbili. Makosa yalikuwamo, lakini hoja zilikuwa zake.

Tukutane juma lijalo.