Pori la Biharamulo lina umri gani?

Ukipanda basi la kwenda Rusumo, ukishapita Nyakanazi na Lusahunga, kuna sehemu dirishani ni miti tu. Abiria mgeni atasema: hapa hapajaguswa na binadamu tangu dunia iumbwe. Ni kosa la kawaida, na historia ya pori hili inaonyesha kwa nini.

Kwanza tuijue miti yenyewe. Kusini mwa Biharamulo ni nchi ya miyombo, yaani jamii za Brachystegia na Julbernardia, pamoja na mninga, ule wa mbao za vitanda na makabati. Miyombo utaitambua mwishoni mwa kiangazi: majani mapya hutoka na rangi nyekundu kabla hata mvua haijanyesha. Ukipanda kuelekea Ngara na Karagwe, miti inapungua kimo na nyasi zinaongezeka. Huko utakuta milama na migunga kwa wingi. Karibu na nyumba za watu mambo ni tofauti kabisa: migomba, mikaratusi, na ule mti wenye maua ya njano ambao Wahaya huuita omushambya, unaotoa nguzo na vivuli.

Sasa turudi miaka ya 1890. Ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki na kuua ng'ombe wengi mno. Jambo hili lina uhusiano gani na miti? Mkubwa. Ng'ombe hula nyasi na kukanyaga vichaka. Wenye ng'ombe hulima, hukata kuni na huchoma moto kwa wakati wao. Ng'ombe walipokufa, njaa ikafuata, watu wakapungua na wengine wakahama. Mashamba yakageuka vichaka, vichaka vikageuka pori. Wanyama wa porini waliporudi kuongezeka, mbung'o nao wakaja nyuma yao, na mbung'o ndio wanaoeneza nagana kwa mifugo na malale kwa watu.

Mwanasayansi John Ford, aliyetafiti mbung'o kwa miaka mingi, Tanganyika ikiwamo, aliieleza hoja hii katika kitabu chake cha mwaka 1971. Kwake yeye, pori la mbung'o halikuwa hali ya asili ya nchi hizi. Kwa sehemu kubwa lilikuwa kovu la maafa. Kisha serikali ya Kiingereza, ikipambana na malale, ikahamisha watu kutoka maeneo ya mbung'o na kuwakusanya katika makazi ya pamoja, Biharamulo ikiwamo. Pori likapata nafasi zaidi.

Hii haina maana kwamba kila ekari ilikuwa shamba. Ina maana kwamba miti mingi unayoiona inaweza kuwa mdogo wa babu yako.

Halafu ikaja 1994. Kuanzia tarehe 28 Aprili, ndani ya takriban saa 24, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia. Wakapiga kambi Benaco, wilayani Ngara, mahali palipoitwa kwa jina la kampuni iliyojenga barabara. Ghafla ukawa mji mkubwa usio na umeme wala gesi. Chakula cha msaada kilikuwa hasa mahindi na maharage makavu, na kila mpishi anajua maharage makavu yanavyokula kuni. Miti ikakatwa, duara likazidi kupanuka, akina mama na watoto wakitembea mbali zaidi kila mwezi kutafuta mzigo mmoja. Kufikia Desemba 1996, Wanyarwanda waliporudishwa kwao, vilima vingi vilikuwa vyeupe.

Je, pori lilikufa? Hapa ndipo biolojia inapotushangaza. Mche wa mninga kwa miaka kadhaa hufa juu kila kiangazi, huku mzizi ukinenepa chini. Miyombo nayo huweka akiba ardhini. Ukikata shina, kisiki hakijafa: mvua zikinyesha, machipukizi yanatoka kwa pupa, yakilishwa na mizizi ya mti mzima. Nchini Zambia, Emmanuel Chidumayo amefuatilia kwa miaka mingi miyombo iliyokatwa kwa mkaa, na huko pia miti mipya hutokana zaidi na visiki na mizizi iliyokuwapo tayari kuliko mbegu mpya.

Lakini usiseme "basi tukate tu." Kisiki kina maadui watatu. Wa kwanza ni jembe linaling'oa mzizi. Wa pili ni moto wa kila mwaka, hasa ule wa mwisho wa kiangazi, unaounguza machipukizi kabla hayajarefuka. Wa tatu ni shoka linalorudi mapema mno. Kukatwa mara moja kunavumilika. Kukatwa, kuchomwa na kulimwa mfululizo hakuvumiliki.

Mwaka 2019 sehemu ya nchi hii iliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Ni vizuri. Ila tukiihubiri kama "asili isiyoguswa", tunawafuta watu waliolima na kuchunga humo kabla ya sotoka, na tunasahau somo la Benaco. Kwa vilima vilivyo nje ya hifadhi, swali la kwanza lisiwe tupande miche mingapi. Liwe: visiki vilivyopo, nani anavilinda?