Msuko wa Riwaya Una Historia: Tusiufundishe kwa Mchoro Mmoja

Walimu wengi wa fasihi andishi tunaufahamu mchoro ule. Mwalimu anachora mlima ubaoni: chini anaandika mwanzo, kwenye mpando anaandika mgogoro, juu kabisa kilele, kisha anateremka upande wa pili hadi suluhisho. Nasi tumeuchora kwa miaka mingi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba mlima huo una historia yake, na kwamba riwaya ya Kiswahili ina historia ambayo mlima huo peke yake hauwezi kuibeba.

Kilichotusukuma kuandika ni kosa letu wenyewe. Mwanafunzi mmoja, ambaye kama wenzake wengi hapa Uganda alikifikia Kiswahili baada ya lugha ya nyumbani na Kiingereza, alituletea mpango wa riwaya. Mgonjwa amelazwa wodini, na kila usiku anawasimulia wenzake hadithi moja. Tulimpa alama za chini na kuandika pembeni, "Hakuna kilele." Alikuja ofisini akauliza kwa adabu, "Samahani mwalimu, na Kusadikika je?" Hatukuwa na jibu.

Tuanze na mlima wenyewe. Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 K.K., alieleza kwamba kisa cha tanzia sharti kiwe kizima, chenye mwanzo, kati na mwisho. Mwaka 1863, Mjerumani Gustav Freytag alikigawa kisa cha tamthilia katika sehemu tano na kuzichora mithili ya piramidi. Mifano yake ilikuwa michezo ya kuigiza, zikiwamo tanzia za Wagiriki wa kale na za Shakespeare. Kwa hiyo mchoro wetu ulizaliwa jukwaani, kwa ajili ya mchezo unaotazamwa kwa kikao kimoja. Riwaya iliuazima tu.

Je, waandishi wa riwaya wenyewe walipangaje? Mfano mzuri ni Charles Dickens wa Uingereza. Riwaya zake ndefu zilitoka kwa sehemu za kila mwezi, kwa kawaida sehemu 20 katika miezi 19. Kuanzia Dombey and Son (1846–1848), alizoea kuandaa karatasi moja kwa kila toleo na kuigawa pande mbili. Upande wa kushoto alijiuliza maswali: je, mhusika fulani aingie sasa? Mara alijijibu ndiyo, mara hapana, mara bado. Upande wa kulia aliorodhesha sura na matukio yake. Mpango wake ulifuata namna msomaji alivyokipokea kitabu, kidogo kidogo.

Turudi kwetu. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), Karama anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria. Anajitetea kwa kusimulia visa vya wajumbe sita waliotumwa mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini. Anayetafuta mlima mmoja hapa atakutana na vilima sita vinavyofanana. Lakini kufanana huko ndiko utetezi wenyewe: dhuluma ikisimuliwa mara moja huitwa bahati mbaya, ikirudiwa mara sita, ni ushahidi. Kinachoshikilia visa vyote ni hatari inayomkabili msimulizi. Hadithi ndani ya hadithi ni mbinu kongwe, na wasomaji wa Alfu Lela Ulela wanaijua vema.

Muhammed Said Abdulla alipanga kwa njia nyingine. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957/58, ni riwaya ya upelelezi. Bwana Msa anakuja wakati mauaji yamekwisha kutendeka. Mtunzi wa kisa cha aina hii hana budi kuujua mwisho kabla ya mwanzo, kwani anasuka visa viwili: cha uhalifu, kilichofichwa, na cha uchunguzi, kinachokifichua.

Euphrase Kezilahabi naye anatupa funzo jingine. Katika Rosa Mistika (1971) alifuata maisha ya msichana mmoja kwa mfululizo tunaoutambua mara moja. Lakini katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) mfululizo huo umekatika makusudi. Aliyejua kusuka ndiye aliyeamua kufumua.

Hatusemi mlima ufutwe. Unasaidia katika kazi nyingi. Tunachosema ni kwamba usigeuzwe mizani ya kila riwaya, hasa mbele ya mwanafunzi anayejaribu kutunga kwa mara ya kwanza kwa Kiswahili. Kabla ya kuuliza kilele kiko wapi, tuulize: ni nini kinachounganisha matukio haya? Msomaji anafichwa nini, na hadi lini? Nani atapata hasara hadithi ikikatika?

Tulifuta maandishi yetu pembeni mwa kazi ya yule mwanafunzi, tukamuuliza swali hilo la tatu. Alirudi baada ya wiki moja. Mpango wake sasa una usiku saba, na usiku wa saba anayesimulia ni mgonjwa wa kitanda cha pili.